Bei ya Kiangazi

"Elfu tisa. Ng'ombe mzima. Elfu tisa!"

Huo ndio ujumbe nilioandika kwenye grupu yetu ya WhatsApp jioni moja ya Oktoba 2022, nikiwa nimebanwa kati ya dereva na rafiki yangu ndani ya pikapu ya kukodi, tukipanda kutoka upande wa Oltepesi kuelekea Kona Baridi. Nyuma yetu fahali mwekundu alikuwa amefungwa kamba, akiyumba kila tulipokata kona. Majibu yalimiminika kabla hatujafika juu. Makofi, moto, vicheko. Mmoja akaandika, "Wewe ni mnoma. Hiyo si bei ya mbuzi?" Nilijisikia kama mtu aliyeokota noti barabarani bila mtu kumwona.

Imepita miaka sasa na bado naifikiria ile elfu tisa. Sikuiba. Sikudanganya. Mwenye ng'ombe alitaja bei yake, mimi nikataja yangu, tukakutana mahali fulani, nikatuma pesa kwa M-Pesa, tukapeana mikono. Kwa kila sheria ninayoijua, ile ilikuwa biashara safi. Sasa mbona nikiikumbuka naona aibu?

*

Niseme kwanza mimi ni nani. Naishi Rongai na kazi yangu ni kupika. Nimepika hotelini, nimepika kwenye harusi, na siku hizi napika nyumbani kwa oda: pilau ya watu thelathini, mukimo wa ruracio, keki za bathdei nikibembelezwa. Tangu 2018 tuko watu sita wenye ugonjwa mmoja, wa kutaka kujua watu wa kwingine wanakula nini. Tuna chama. Vyama vya wengine hununua mashamba, chetu hununua nauli. Kila baada ya miezi miwili au mitatu tunapanda gari, tunafika mahali, tunakula, tunawasumbua wapishi kwa maswali, kisha tunarudi Rongai kujaribu kuiga kwa sufuria zetu wenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba muthokoi wa Kitui hautaki haraka, na kwamba mihogo ya kukaanga ya Mama Ngina Drive kule Mombasa hainogi bila pilipili na ndimu. Na ndivyo nilivyojifunza kubishania bei. Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja muuza samaki pale Dunga, Kisumu. Nilimwambia bei ya ngege wake iko juu. Akaniuliza kama kwetu samaki huota kwenye miti. Nikamwambia basi, naenda kwa jirani yake. Akasema nenda, na umsalimie. Nikapiga hatua kumi. Akaniita, "Wewe wa Nairobi, rudi hapa, unanipotezea muda!" huku akicheka, na wenzake wote wakicheka, na mimi pia. Akapunguza kidogo, nikaongeza kidogo. Nilipoondoka na samaki wangu kila mmoja wetu aliamini ameshinda.

Tangu siku hiyo nilijua siri: onyesha mgongo. Mwenye mali akikuona unaondoka, atakuita.

*

Kiangazi kile kilianza mwisho wa 2020. Misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli, na kufikia mwanzo wa 2023 Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Sisi wa Rongai hatukuhitaji takwimu. Ng'ombe walikuwa wanakuja kwetu wenyewe. Ungepanda 125 asubuhi kwenda tao na kuwaona kando ya Magadi Road wakilamba nyasi za mtaroni, mbavu zikihesabika, kijana mmoja mwenye shuka amesimama kati yao na hooni za matatu. Watu walilalamika kuhusu jam. Nami pia nililalamika.

Wakati huo chama chetu kilikuwa kikipanga sherehe ya mwisho wa mwaka. Rafiki yangu alikuwa amesikia kwa jamaa wa bodaboda kwamba ukishuka kule chini, kupita Kiserian, kupita Kona Baridi, ng'ombe wanauzwa bei ya kutupa. Nilifurahi. Nilijiambia ni safari ya chakula kama zile zingine: safari hii tutaanza na ng'ombe mwenyewe akiwa hai, tuone nyama inatoka wapi kabla ya kufika buchani.

Kama wewe husomi makala za nyama bila kutaka kujua kama ni halali kuila, nikuondolee wasiwasi: swali langu si hilo. Ukizidi kuteremka barabara ile unafika Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walikuta mwaka 1942 mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kama changarawe. Binadamu amekuwa akikata nyama katika bonde lile kwa mamia ya maelfu ya miaka. Sikwenda kule kuanzisha dhambi mpya. Swali langu ni dogo zaidi, na linanihusu mimi. Ni lile la bei.

*

Boma tuliloelekezwa lilikuwa na ng'ombe kumi hivi. Wawili walikuwa wamelala, na mzee mwenye boma alituambia kwamba kila asubuhi lazima wainuliwe, mtu mmoja kwenye pembe na mwingine kwenye mkia, maana ng'ombe akikaa chini siku nzima hasimami tena. Wanawe walikuwa wameenda na kundi kubwa kutafuta nyasi upande wa Tanzania. Yeye alikuwa amebaki na wale wasioweza kutembea safari ndefu.

"Sopa, mzee."

"Ipa."

Tulizungumza kwanza habari za mvua, ambazo hazikuwepo. Kisha akatuonyesha fahali mwekundu, aliyekuwa bado akisimama mwenyewe.

"Elfu kumi na tano."

Fahali wa umri ule, akiwa na afya, ningemlipia elfu arobaini na tano bila kushangaa. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi wa Dunga. Nikamzunguka fahali. Nikamfinya ngozi mbavuni, mbele ya mwenyewe, nikasema, "Mzee, hii ni mifupa tu. Saba."

"Ongeza."

"Nane. Na bado kuna gari, kuna kuchinja, kuna mkaguzi."

Mzee hakujibu. Alikuwa anamwangalia fahali, haniangalii mimi. Basi nikafanya nilichofunzwa. Nikamgusa rafiki yangu bega, nikaanza kuelekea kwenye pikapu.

Sikufika hata hatua tano.

"Kijana," akaita. "Kijana, rudi. Tisa."

Hakucheka. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Mimi pekee ndiye niliyetabasamu. Nilirudi, nikatoa simu, nikatuma. Akasoma ujumbe wake polepole, akasema pesa hizo zitanunua nyasi, kwamba beli moja ilikuwa imefika shilingi mia nne, na kwamba kama nisingemchukua yule mwekundu, huenda wiki mbili zijazo angekuwa wa fisi. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayepiga hesabu. Kwa maana nyingine, alinishukuru.

*

Tulichinja Kiserian. Mkaguzi wa nyama alichungulia figo, ambazo kwa ng'ombe mwenye afya hufunikwa na mafuta meupe, akatikisa kichwa, kisha akapiga muhuri. Nyama ikagawanywa mafungu sita. Langu nililipeleka nyumbani na nikaanza kupika usiku huohuo, maana mimi siwezi kulala na kitu kipya jikoni.

Kuchoma kulishindikana. Nyama isiyo na mafuta hukauka kabla haijaiva. Nikageukia kuchemsha: vitunguu, tangawizi, dania, moto mdogo, saa tatu, saa nne. Nikaweka na mifupa ya miguu, kwa sababu supu nzuri hutoka kwenye uboho. Nilipoupasua mfupa wa kwanza, uboho haukuwa uboho. Badala ya kile kitu kizito, cheupe, kinachoteleza kama siagi, ulitoka utelezi mwekundu, majimaji. Mnyama akifunga kwa muda mrefu huanza kula mafuta ya chini ya ngozi, kisha ya figo, na mwisho kabisa hula ya ndani ya mifupa. Yule fahali alikuwa amejila hadi ndani. Na mimi nilikuwa nimemfinya ngozi na kusema yeye ni mifupa tu, kana kwamba nimegundua kasoro ambayo mwenyewe alijaribu kuificha.

Kisha nikataka kuweka nyama iliyobaki kwenye friji, nayo haikutosha. Friji yangu ni ndogo, ile ya kufika kiunoni. Nilisimama pale na karai la nyama mikononi, nikakumbuka kwa nini nina friji ndogo.

*

Machi 2020 korona ilipofika Kenya, hoteli niliyokuwa nikipikia ilitutuma nyumbani bila mshahara. Mwezi wa kwanza nilikula akiba. Mwezi wa pili nilikula deni. Mwezi wa tatu mwenye nyumba akanipa hadi Ijumaa. Nilikuwa na friji kubwa ya milango miwili na meko ya gesi yenye ovena, vitu nilivyovinunua kimoja kimoja kwa miaka minne. Niliamua kuviuza vyote kwa elfu thelathini, nusu ya nilichotumia.

Aliyekuja ni jirani wa ghorofa ya juu. Mama mpole, msalimiaji, mtu wa kanisa. Akafungua friji, akaifunga. Akasema, "Ni nzuri, lakini niko na elfu kumi na moja." Nikamwambia hapana. Akasema sawa, hakuna neno, akaanza kupanda ngazi.

Nilimwita kabla hajafika ghorofa ya pili.

Nilipata kodi. Sikufukuzwa. Kama asingenunua, Ijumaa ile ingenikuta nje. Kwa hesabu yoyote alinisaidia. Lakini miezi iliyofuata, kila Jumamosi alipooka keki kwa ile ovena, harufu ilishuka kwa ngazi hadi mlangoni kwangu, nami nilimchukia mwanamke yule kwa chuki ambayo sikuweza kuieleza kwa mtu. Ningesema nini? Kwamba alinunua nilichouza?

Usiku ule wa supu nilielewa nilichokuwa nimekasirikia. Nilielewa pia kwamba kule Oltepesi ile sauti ya "Kijana, rudi" niliijua. Nilishawahi kuitoa mimi mwenyewe.

*

Kufa kufaana, walisema wahenga, na sijui kama walikuwa wanatufundisha au wanatusikitikia. Ni kweli msiba wa mmoja humnufaisha mwingine. Mchonga majeneza lazima ale. Hakuna anayeshauri kwamba mtu mwenye shida asinunuliwe kitu chochote, eti kwa kumheshimu. Hiyo ingekuwa kumwacha afe kwa heshima. Mzee alihitaji mnunuzi. Mimi nilihitaji mnunuzi. Kununua halikuwa kosa.

Basi kosa lilikuwa wapi, kama lilikuwepo?

Swali hili ni kongwe kuliko mabucha yote ya Kajiado. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero aliandika kitabu cha wajibu akamweka ndani mfanyabiashara aliyeleta shehena ya nafaka kutoka Alexandria kwenda kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyu anajua kwamba meli nyingine zimejaa nafaka na ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawapa nafasi wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kudanganya. Antipater anasema kuficha jambo ambalo mwenzako angefaidika kulijua ni kinyume cha undugu wa binadamu. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater.

Mtume Muhammad naye alikataza watu kuutoka mji kwenda kuupokea msafara njiani, wanunue mali kabla wenye mali hawajafika sokoni wakajua bei. Ukitaka kuona kwa nini ilibidi jambo hilo likatazwe, nenda njia yoyote ya kuelekea soko la mifugo siku ya soko. Mabroka watakuwa wamesimama kilomita mbili tatu kabla, wakimngoja mfugaji aliyetembea tangu usiku.

Nilijaribu kujitetea kwa mifano hii. Nikajiambia: pale kosa ni kuficha, na mimi sikuficha kitu. Mzee ana simu. Alijua bei ya Kiserian, alijua ya Kitengela, pengine alijua hata ya Dagoretti. Hakudanganyika hata kidogo.

Lakini kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyoona vizuri zaidi. Mzee alijua kila kitu. Alichokosa ni kesho. Fahali wake alikuwa akipungua kila siku na beli la nyasi likipanda kila siku, na katikati ya mistari hiyo miwili ndipo nilipokuja na pikapu yangu. Mama wa Dunga aliponiita nirudi alikuwa anacheza, kwa sababu nisingerudi angemuuzia mwingine kabla ya saa sita. Angeweza kuniacha niende. Ndiyo maana tulicheka. Kubishania bei ni mchezo mzuri sana, lakini unahitaji watu wawili wanaoweza kuondoka. Mmoja akiwa hawezi, yule mwingine hacheza na mtu tena. Kuonyesha mgongo, ile mbinu yangu tamu, kule bomani ilikuwa tishio.

Rafiki yangu wa pikapu hakubaliani nami hata leo. "Bei huwekwa na soko," anasema. "Si wewe uliyeleta kiangazi." Ni kweli, na nimelipima neno lake mara nyingi. Jibu langu ni hesabu ya darasa la nne. Fahali wa elfu arobaini na tano alitajwa kwa elfu kumi na tano. Mzee alikuwa ameshapunguza kila kitu ambacho hali ilimlazimisha kupunguza. Elfu thelathini zilikatwa na kiangazi. Elfu sita za mwisho nilizikata mimi, na soko halikunishika mkono. Nilikuwa na kumi na tano mfukoni. Nilikuwa nimekuja nazo.

Na kama ni kuleta kiangazi, sina uhakika kwamba mikono yetu ni safi hivyo. Mvua hatukuizuia. Lakini mfugaji wa zamani alikuwa na jibu la ukame, nalo lilikuwa kuhama. Jina Ongata Rongai kwa Kimaasai ni uwanda mwembamba. Uwanda, yaani mahali pa ng'ombe. Sensa ya 2019 ilikuta humo watu zaidi ya 170,000, mimi mmoja wao, kwenye ploti zenye ua na geti. Kitengela ni hadithi ileile: ranchi ya pamoja ikagawanywa miaka ya 1980, vipande vikauzwa, seng'enge zikasimama. Kila ua ni mlango mmoja uliofungwa kwa mtu anayetafuta nyasi. Wenyewe waliuza, utasema, hawakulazimishwa. Ndiyo. Wengine waliuza mwaka wa ukame.

*

Siku nne baada ya ile supu nilimtumia mzee shilingi elfu sita. Namba yake nilikuwa nayo kwenye M-Pesa. Nilijiona mtu mwema sana kwa dakika kama saba hivi, kisha simu ikalia.

"Wewe kijana, umetuma pesa kwangu kimakosa. Usirudishe na wale watu wa kampuni, mimi nakurudishia mwenyewe."

"Si makosa, mzee. Ni yako."

"Ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Kimya kidogo. Nilisikia mbwa, na upepo.

"Ng'ombe tulimaliza," akasema. "Tulishikana mikono."

Nikajaribu kueleza. Kwa Kiswahili changu chote cha mjini nilishindwa kueleza. Nilisema bei ilikuwa chini, nilisema nilifikiria, nilisema friji, jambo ambalo lazima lilimshangaza. Alinisikiliza hadi nikakauka. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto kufunga kamba, "Mvua ikinyesha, uje ununue tena. Hapo ndio tutabishana."

Akakata. Dakika chache baadaye ujumbe uliingia: elfu sita zimerudi. Ada ya kutuma alilipa yeye.

Nilikaa muda mrefu na ujumbe ule. Kwanza niliumia, kwa sababu nilitaka kusamehewa kwa bei nafuu, na hata hapo nilikuwa nimepatana mwenyewe na nafsi yangu. Baadaye nikaelewa. Kama ningempa kumi na tano siku ile bomani, zingekuwa bei, na angezipokea kama mwenye mali. Siku nne baadaye zilikuwa sadaka, na yeye hakuwa ameomba sadaka. Kuna haki zenye saa yake. Saa ikipita, pesa ni zilezile lakini kitu unachokipa si kilekile.

Kwa hiyo kama unaniuliza, na pengine huniulizi, kanuni yangu sasa ni hii. Ukikuta mtu anauza kwa sababu hawezi kungoja, nunua, kama unaweza. Lakini usibishane naye. Bei anayoitaja imeshapunguzwa na shida yake. Usimsaidie shida kupunguza tena. Kama huwezi kulipa anachotaja, sema huwezi, kwa sauti ya mtu asiyeweza. Usifinye ngozi ya kitu chake. Na usimwonyeshe mgongo isipokuwa unaondoka kweli.

Najua kanuni hii ina mashimo. Mimi si tajiri, na kuna wanaojifanya wana shida. Kuna jirani yangu wa ghorofa ya juu, ambaye pengine elfu kumi na moja ndizo alizokuwa nazo kweli. Sikumuuliza. Alihama mwaka uliofuata kabla sijapata maneno ya kumshukuru, na nilikuwa na deni lake la shukrani hata kama yeye alikuwa na deni langu la friji.

*

Mvua ilinyesha. Mwisho wa 2023 ilinyesha mpaka ikakera, Magadi Road ikawa mto na watu wa Rongai wakalalamika kuhusu jam tena. Desemba nilishuka Kona Baridi nikakuta bonde limegeuka kijani. Mzee alinitambua, au alijifanya kunitambua. Ng'ombe walikuwa kumi na watatu na ndama wanne, wote wamesimama.

Ng'ombe nisingemudu. Nikauliza mbuzi.

"Elfu kumi na nne."

"Mzee! Tisa."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza kabisa. Kisha akageuka akaenda kunywesha ndama. Aliniacha nimesimama pale na mkono mfukoni. Nikamfuata, nikasema kumi. Akaniuliza kama Rongai siku hizi mbuzi huzaliwa kwenye ghorofa. Mkewe alicheka hadi akashika mlango. Nikasema kumi na moja, naondoka. Akasema nenda salama, barabara ina matope.

Nilifika hadi kwenye gari. Nilifungua mlango. Hakuna aliyeniita.

Nikarudi mwenyewe. Tukamalizana kwa elfu kumi na mbili na mia tano, na tukamchinja palepale chini ya mgunga. Figo zilikuwa zimezama kwenye mafuta. Tulipokuwa tunangoja mbavu ziive, mzee alinieleza kwamba enzi zake za umurani hakuruhusiwa kunywa hata maziwa peke yake. Ilibidi mwenzake awepo. Akanikatia kipande, nikala. Hakikuhitaji kitu chochote, hata chumvi.

Nilipofika nyumbani niliandika kwenye grupu bei niliyolipa. Jibu la kwanza lilikuja haraka: "Boss, hapo umeuziwa."

Nikaandika, "Sana."